Thomas Mendenhall: Mwalimu Aliyechora Grafu ya Fasihi

Utangulizi

Mwanafunzi mpendwa, ukikutana na shairi katika Karatasi ya Tatu ya Kiswahili, mara nyingi unaanza kwa kuhesabu. Unahesabu beti, mishororo katika kila ubeti, vipande katika kila mshororo na mizani katika kila kipande. Ukipata mizani nane katika ukwapi na nane katika utao, unajua umbo la shairi limetimia. Ukipata saba mahali palipostahili nane, unajiuliza kwa nini. Kwa hivyo usikubali mtu akuambie kwamba hesabu haina nafasi katika fasihi. Washairi wetu walihesabu tangu zamani.

Siku hizi kuna programu za tarakilishi zinazohesabu maneno ya kitabu kizima kwa muda mfupi, kisha zikachora matokeo. Nyingine huchora wingu la maneno, ambamo neno linalotumika sana huandikwa kwa herufi kubwa. Nyingine huchora mstari unaopanda na kushuka kadiri neno fulani linavyojitokeza kutoka sura ya kwanza hadi ya mwisho. Michoro hii inapendeza macho, lakini wanafunzi wengi huitazama, wakaisifu, kisha wakashindwa kueleza inathibitisha nini.

Ndiyo sababu tumeweka katika mwongozo huu maisha ya Thomas Corwin Mendenhall, Mmarekani aliyeishi kati ya mwaka wa 1841 na 1924. Alichora grafu za maandishi ya fasihi kabla tarakilishi haijabuniwa. Grafu yake mashuhuri zaidi iliguswa na swali lililowagawanya wasomi wa wakati wake: je, tamthilia za William Shakespeare ziliandikwa na Shakespeare mwenyewe? Soma maisha haya kwa makini. Utaona nguvu ya mchoro, na utaona pia mtego wake.

Malezi na elimu

Mendenhall alizaliwa tarehe 4 Oktoba 1841 katika kijiji cha Hanoverton, jimbo la Ohio. Wazazi wake walikuwa wafuasi wa madhehebu ya Quaker na walipinga utumwa waziwazi. Wakati huo majimbo ya kusini mwa Marekani bado yaliruhusu watu kumilikiwa kama mali. Watumwa waliotoroka walikimbilia kaskazini kwa siri, wakipokelewa nyumba hadi nyumba na watu waliokuwa tayari kuvunja sheria hiyo dhalimu. Nyumba ya akina Mendenhall ilikuwa mojawapo ya hizo. Kijana Thomas alilelewa na watu ambao hawakukubali jambo kwa sababu tu wengi walilikubali.

Hakusoma kwa njia ya kawaida. Alipenda hisabati na sayansi, na mengi alijifunza mwenyewe kwa kusoma vitabu alivyovipata. Mnamo 1858, akiwa bado hajatimiza miaka 20, alikuwa tayari akisimamia shule ya msingi ya mtaani kwao. Mwaka wa 1861 alipata cheti cha ualimu, kisha akafundisha katika shule za upili za Ohio. Hakuwa na shahada ya chuo kikuu. Hata hivyo, mwaka wa 1873 chuo kipya cha kilimo na ufundi kilipofunguliwa mjini Columbus, alikuwa miongoni mwa wahadhiri wa kwanza kuteuliwa, akapewa somo la fizikia. Chuo hicho ndicho kilichokuja kuitwa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio.

Tambua jambo hili, kwa sababu linaeleza tabia yake ya baadaye. Mtu aliyejifunza mwenyewe hana mwalimu wa kumwambia kwamba somo hili ni lake na lile si lake. Mendenhall hakuona ukuta kati ya maabara na maktaba.

Safari ya Japani

Mwaka wa 1878 Mendenhall alialikwa kufundisha fizikia katika Chuo Kikuu cha Tokyo. Serikali ya Japani ilikuwa ikiwaajiri wataalamu wa kigeni ili kuharakisha elimu mpya nchini. Akiwa huko, alipanda Mlima Fuji pamoja na wanafunzi wake mnamo 1880, wakabeba vifaa vya kupimia nguvu ya uvutano wa dunia. Walipima juu ya kilele, wakalinganisha na vipimo vya nchi tambarare. Kutokana na tofauti hiyo ndogo, Mendenhall alikokotoa uzito wa dunia nzima kwa kulinganisha na ukubwa wake. Alishiriki pia katika kuanzisha chama cha kuchunguza mitetemeko ya ardhi nchini humo.

Zingatia mbinu yenyewe. Huwezi kuiweka dunia kwenye mizani ya dukani. Lakini ukipima kitu kidogo kwa uangalifu mahali pawili, na mahali hapo pakawa pa kulinganishwa kwa haki, unaweza kujua jambo kubwa. Mendenhall aliporudi Marekani mwaka wa 1881, alikuja na mazoea hayo. Baada ya miaka michache aliyageuzia vitabu.

Wazo la kuhesabu herufi

Wazo lenyewe halikuwa lake mwanzoni. Mwanahisabati wa Uingereza, Augustus De Morgan, alikuwa amependekeza katikati ya karne ya 19 kwamba urefu wa maneno unaweza kumtambulisha mwandishi. De Morgan alikuwa akifikiria nyaraka za Biblia zinazohusishwa na Mtume Paulo: kama mtu mmoja aliziandika zote, je, wastani wa urefu wa maneno yake usingekaribiana katika zote? De Morgan alilitaja wazo hilo bila kulifanyia kazi kwa kina. Mendenhall alilisoma, likamkaa moyoni.

Hata hivyo, aliona kwamba wastani peke yake hautoshi. Waandishi wawili wanaweza kuwa na wastani uleule ilhali wanaandika kwa namna tofauti kabisa. Mmoja hutumia maneno ya urefu wa kadiri kila mara. Mwingine huchanganya maneno mafupi sana na marefu sana. Wastani huficha tofauti hiyo. Mchoro huionyesha.

Katika fizikia, Mendenhall alijua kwamba kila elementi ikichomwa hadi ikawaka, mwanga wake ukipitishwa katika kioo maalumu hutoa mistari ambayo ni yake pekee. Mtaalamu akiiona mistari hiyo, huitambua elementi hata kama iko ndani ya jua. Mendenhall alijiuliza iwapo kila mwandishi naye ana mistari yake, ambayo huitoa katika kila ukurasa bila kujua.

Alitumia njia rahisi ambayo hata wewe unaweza kuifuata. Chukua sentensi hii: Mama alikwenda sokoni kununua unga wa ugali. Ina maneno saba. Neno lenye herufi mbili ni moja, yenye herufi nne ni mawili, lenye herufi tano ni moja, lenye sita ni moja, lenye saba ni moja, na lenye tisa ni moja. Chora mstari wa chini uandike urefu wa neno, kuanzia herufi moja hadi kumi na kuendelea. Chora mstari wa kusimama uandike idadi ya maneno. Weka alama za nukta, kisha uziunganishe. Umepata grafu ya sentensi hiyo.

Sentensi moja haitoshi kumtambulisha mtu. Mendenhall alihesabu maneno elfu moja kwa mkupuo, kisha elfu nyingine, kisha akayajumlisha. Alianza na riwaya ya Oliver Twist ya Charles Dickens na Vanity Fair ya William Thackeray. Aliongeza maandishi ya John Stuart Mill, ambaye hakuandika hadithi bali masuala ya uchumi na uhuru wa raia. Aligundua kwamba grafu za maneno elfu moja zilitofautiana, hata zilipotoka katika kitabu kimoja. Kadiri maneno yalivyoongezeka, ndivyo grafu za mwandishi mmoja zilivyokaribiana. Mwaka wa 1887 alichapisha matokeo katika jarida la Science.

Jambo moja katika matokeo hayo lilipaswa kumpa tahadhari. Grafu za Dickens na Thackeray, watu wawili tofauti, zilifanana sana. Wote wawili walikuwa waandishi wa riwaya wa Uingereza, wa kizazi kimoja. Grafu ya Mill, aliyeandika maandishi ya kifalsafa, ilijitenga. Je, grafu ilikuwa ikimtambulisha mwandishi, au ilikuwa ikitambulisha aina ya maandishi? Lishike swali hilo. Tutalirudia.

Swali la Shakespeare

Shakespeare alifariki mwaka wa 1616. Katika karne ya 19 lilizuka kundi la watu waliodai kwamba mtoto wa mtengenezaji glavu kutoka mji mdogo wa Stratford, asiyesoma chuo kikuu, hangeweza kuandika tamthilia zenye kina kama zile. Walidai kwamba mwandishi halisi alikuwa Francis Bacon, mwanasheria na mwanafalsafa mashuhuri wa enzi ileile. Mjadala ulikuwa mkali. Kwa upande mmoja lilikuwa suala la ushahidi. Kwa upande mwingine lilikuwa suala la heshima: je, mtu wa kawaida aliyesoma shule ya kijijini anaweza kuandika kazi kubwa?

Tajiri mmoja wa Boston, Augustus Hemenway, alijitolea kulipia gharama za uchunguzi. Wakati huo Mendenhall alikuwa rais wa taasisi ya ufundi ya Worcester, jimbo la Massachusetts. Wanawake wawili wa mji huo waliajiriwa kuhesabu. Ilitengenezwa mashine ndogo yenye vibonyezo, kila kibonyezo na namba yake. Mmoja alisoma kitabu na kutaja idadi ya herufi za kila neno, mwenzake akabonyeza namba hiyo, mashine ikajumlisha. Kazi hiyo ilichosha akili, kwa hivyo hawakuweza kuifanya kwa saa nyingi kwa siku. Iliendelea kwa miezi kadhaa, mpaka maneno yakakaribia milioni mbili. Ya Shakespeare peke yake yalikuwa takribani 400,000.

Matokeo yalichapishwa mwishoni mwa mwaka wa 1901. Grafu ya Shakespeare ilikuwa na sifa isiyo ya kawaida: maneno yaliyojitokeza zaidi yalikuwa ya herufi nne. Kwa Bacon, kama ilivyokuwa kwa waandishi wengi wengine wa Kiingereza waliochunguzwa, yaliyotia fora yalikuwa ya herufi tatu, na maneno marefu nayo yalikuwa mengi zaidi kuliko ya Shakespeare. Mistari miwili ilipowekwa kwenye karatasi moja, mtu yeyote aliona kwamba haifanani. Waliompinga Bacon walishangilia.

Lakini grafu ilileta pia jambo ambalo halikutarajiwa. Mendenhall alikuwa amewachora waandishi wengine wa enzi hiyo, akiwemo Christopher Marlowe, aliyeuawa mwaka wa 1593 akiwa na umri wa miaka 29. Mstari wa Marlowe ulilingana na wa Shakespeare karibu kabisa. Kama kufanana kwa mistari ni ushahidi kwamba mwandishi ni mmoja, basi ingebidi tuseme Marlowe ndiye aliyeandika kazi za Shakespeare. Wapo waliolishika wazo hilo baadaye. Wengi wa wasomi hawakulikubali, na hawalikubali hadi leo.

Mtego wa mchoro

Sasa lirudie lile swali la Dickens na Mill. Kazi za Shakespeare zilizohesabiwa kwa sehemu kubwa ni za kishairi. Za Marlowe pia ni za kishairi. Maandishi ya Bacon yaliyohesabiwa ni ya nathari: insha, historia na falsafa. Mendenhall alikuwa ameweka shairi upande mmoja na insha upande wa pili.

Wewe unayesoma ushairi wa Kiswahili unalielewa jambo hili upesi. Mshairi anayelazimika kutimiza mizani nane hachagui maneno kwa uhuru ule wa mtunga insha. Neno likizidi, analifupisha: hiyo ni inkisari. Likipungua, analirefusha: hiyo ni mazida. Anapanga maneno kinyume na kawaida ili apate kina: huko ni kuboronga sarufi. Tunauita uhuru wa kishairi, lakini chanzo chake ni kufungwa na umbo. Ushairi wa Kiingereza wa enzi ya Shakespeare nao ulikuwa na kipimo chake cha silabi na mkazo, na kipimo hicho kiligusa urefu wa maneno.

Mwaka wa 1975, zaidi ya miaka 50 baada ya Mendenhall kufariki, C. B. Williams alithibitisha hoja hii katika jarida la takwimu. Williams alikuwa mtaalamu wa wadudu, na katika miaka ya 1920 aliwahi kufanya kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani, Tanganyika. Alimchukua Philip Sidney, mwandishi wa enzi hiyohiyo aliyeandika mashairi na nathari pia. Alipohesabu mashairi ya Sidney, herufi nne ziliongoza. Alipohesabu nathari ya Sidney huyohuyo, herufi tatu ziliongoza. Tofauti iliyodhaniwa kuwatenganisha watu wawili ilipatikana ndani ya mtu mmoja.

Tambua kwamba Williams hakuthibitisha kuwa Bacon aliandika tamthilia za Shakespeare. Alichothibitisha ni kwamba grafu ile haikuwa na uwezo wa kuliamua swali hilo. Hesabu za Worcester zilikuwa halali na mchoro ulionyesha jambo la kweli. Kosa lilikuwa katika ulinganisho.

Tuchukue mfano wa karibu nasi. Mwalimu Julius Nyerere alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili: Juliasi Kaizari, iliyotoka mwaka wa 1963, na Mabepari wa Venisi, iliyotoka mwaka wa 1969. Tuseme mtu asiyelijua hilo anachora grafu ya tafsiri hizo, kisha anachora grafu ya hotuba za Nyerere kuhusu ujamaa. Mistari ikitofautiana, je, itakuwa haki kusema zimeandikwa na watu wawili? La. Hotuba ilinganishwe na hotuba, na tamthilia na tamthilia.

Miaka ya mwisho

Mendenhall hakuishi kwa grafu za fasihi peke yake. Kati ya mwaka wa 1889 na 1894 aliongoza idara ya serikali ya Marekani iliyopima pwani na ardhi ya nchi hiyo. Mwaka wa 1893 alitoa agizo lililofanya mita na kilo kuwa msingi wa vipimo vyote rasmi vya Marekani, hata futi na ratili zikawa zinafafanuliwa kwa kuzilinganisha na mita na kilo. Barafuto moja kubwa karibu na mji wa Juneau, Alaska, ilipewa jina lake. Aliiongoza taasisi ya Worcester hadi mwaka wa 1901, kisha akastaafu na kusafiri nje ya nchi kwa miaka kadhaa. Alifariki mwezi Machi 1924 mjini Ravenna, katika jimbo lake la Ohio.

Watu wa Alaska na watalii wanalijua jina lake kwa sababu ya barafu. Wataalamu wa vipimo wanalijua kwa sababu ya mita. Wanaochunguza fasihi kwa tarakilishi wanamhesabu miongoni mwa waasisi wao. Njia yake imeboreshwa sana. Leo watafiti hawategemei urefu wa maneno tu, bali huchunguza maneno madogo ambayo mwandishi huyatumia bila kuyafikiria.

Jinsi ya kuitumia mbinu hii katika kitabu chako teule

Kazi iliyowachukua wanawake wawili miezi kadhaa sasa hufanywa na tarakilishi kwa sekunde chache. Mojawapo ya programu zinazotumika bila malipo ni Voyant Tools, iliyobuniwa na wasomi wa Kanada, Stéfan Sinclair na Geoffrey Rockwell. Unabandika maandishi, nayo inakuchorea wingu la maneno na mistari ya matumizi ya kila neno. Lakini kitabu teule kina hakimiliki, kwa hivyo usikinakili kizima. Hesabu ukiwa na kitabu mkononi, jaza jedwali, kisha chora kwa lahajedwali ya tarakilishi au kwa karatasi ya grafu. Zingatia mambo yafuatayo.

Kwanza, Kiswahili kina umbo lake. Neno nitakupikia ni neno moja katika lugha yetu, ila lina mtenda, wakati, mtendewa na kitendo ndani yake. Kuhesabu urefu wa maneno kwa namna ya Mendenhall hakutakupa kilekile alichokipata kwa Kiingereza. Vilevile, ukiiambia tarakilishi itafute neno uongozi, haitakuletea kiongozi, viongozi, kuongoza wala aliyewaongoza. Wewe unayejua viambishi na mzizi ndiwe unayepaswa kuyakusanya maumbo hayo yote kabla ya kusema kwamba dhamira ya uongozi imejitokeza mara ngapi.

Pili, wingu la maneno ya Kiswahili likiachwa hivihivi hutawaliwa na na, ya, wa na kwa. Yaondoe maneno hayo ikiwa unatafuta dhamira. Yaache ikiwa unachunguza mtindo wa mwandishi. Lengo lako ndilo linaloamua unahesabu nini.

Tatu, linganisha vinavyolingana. Ukitaka kuonyesha kwamba usemi wa Majoka na wa Tunu katika tamthilia ya Kigogo unatofautiana, usichukue tendo moja kwa huyu na tamthilia nzima kwa yule. Na usilinganishe maagizo ya maelekezo ya jukwaani na maneno ya mhusika. Katika diwani ya hadithi fupi, kumbuka kwamba kila hadithi ina mwandishi wake, kwa hivyo tofauti ya maneno huenda ni ya mwandishi, si ya dhamira.

Nne, usiudharau ukimya. Katika Kigogo, Jabali hana hata mshororo mmoja anaousema, kwa kuwa aliuawa kabla ya matukio tunayoyaona. Grafu ya idadi ya maneno ya wahusika ingemwonyesha akiwa sufuri. Lakini kifo chake kinaeleza utawala wa Majoka ulivyo, na kinaeleza hatari anayoikabili Tunu. Hakuna programu itakayokuambia hivyo. Utaambiwa na kusoma.

Tano, grafu ni ushahidi, si hoja. Mtahini hakupi alama kwa kusema kwamba neno fulani limetokea mara arubaini. Anakupa alama unapotaja hoja, ukatoa mfano wa tukio kitabuni na kuufafanua. Hesabu yako ikusaidie kugundua mahali pa kutazama. Mstari ukipanda ghafla katika onyesho fulani, rudi kwenye onyesho hilo ulisome upya. Jiulize nani anazungumza, na nani, wapi na kwa nini. Jibu la swali hilo ndilo utakaloliandika. Grafu itabaki katika daftari lako la marudio.

Mafunzo kutokana na maisha ya Mendenhall

(a) Bidii ya kujifunza mwenyewe hufungua milango. Mendenhall alifika chuo kikuu akiwa mwalimu bila kuwa mwanafunzi wa chuo kikuu.

(b) Maarifa ya somo moja yanaweza kuangaza somo lingine. Fizikia ilimpa njia mpya ya kuitazama riwaya.

(c) Kipimo kidogo kinahitaji subira. Grafu ya maneno elfu moja ilidanganya, ile ya maneno mengi ikatulia.

(d) Hesabu iliyo sahihi inaweza kuzaa hitimisho lisilo sahihi ikiwa ulinganisho haukuwa wa haki.

(e) Umbo la kazi humbana mwandishi. Kabla ya kumhukumu mtu kwa lugha yake, uliza anaandika utanzu gani.

Maswali ya marudio

1. Eleza tofauti kati ya njia ya De Morgan na njia ya Mendenhall ya kumtambua mwandishi. (alama 4)

2. Kwa nini kufanana kwa grafu za Shakespeare na Marlowe hakuthibitishi kwamba mwandishi alikuwa mmoja? (alama 4)

3. Ukirejelea inkisari, mazida na kuboronga sarufi, onyesha jinsi umbo la shairi linavyoweza kuathiri urefu wa maneno. (alama 6)

4. Chagua wahusika wawili wanaokinzana katika tamthilia teule uliyosoma. Kwa kila mmoja, hesabu maswali na amri anazotoa katika maonyesho wanayoshiriki pamoja. Chora grafu ya matokeo, kisha uandike aya mbili kuhusu uhusiano wao bila kutaja tarakimu hata moja. (alama 10)

5. Katika riwaya teule, mtaje mhusika ambaye grafu ya usemi ingemdunisha. Thibitisha umuhimu wake kwa kutoa hoja nne. (alama 8)